Wifi Aliyerudi Kuomba Tikiti

Sikupi hadithi. Hadithi ninazo nyingi, nimelelewa nazo, na kama ningetaka kukupa moja ningekuchagulia iliyo tamu kuliko hii. Hili lilinipata mimi mwenyewe, uani kwangu, kisiwani Chovai, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Sikuwa na homa. Sikuwa nimelala. Wapo wanaoniambia, "Bibi, vilikuwa vita, akili za watu zilikuwa zimechoka." Sawa, zilichoka. Yangu haikuchoka. Ingechoka ningeshukuru mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini. Mume wangu, Lali, alikuwa fundi wa mashua, mtu mpole, maneno machache, mikono imejaa alama za tezo. Tulikuwa tumeoana miaka tisa na hatukuwa na mtoto. Nilikwenda Kismayo kwa daktari, nikarudi bila jibu, lakini nilirudi na mbegu. Nilikuwa nimekaa sokoni kivulini, nimechoka, na mama mmoja mwenye shamba kando ya mto Juba akanikatia kipande cha tikiti bila mimi kumwomba. Nilivyokila, alicheka. Akanifungia mbegu zake kwenye karatasi. Zilikuwa mbegu za ajabu kidogo: nyeupe, zimezungushwa ukingo mweusi, kama jicho lililotiwa wanja. Sijaziona tena mahali pengine popote, na nimezitafuta.

Watu wa Chovai walinicheka. Kisiwa chetu ni mawe ya bahari na mchanga, na maji ya kisima yana chumvi ya kukwaruza koo. Nani alishawahi kuvuna tikiti hapo? Lakini mimi nilikuwa na mikono mitupu na siku ndefu. Nilichimba mashimo ya kina cha goti. Nikayajaza samadi ya mbuzi, vichwa vya samaki, na udongo mwekundu niliobeba kwa pakacha kutoka katikati ya kisiwa. Maji ya kuoshea mchele sikuyamwaga. Maji ya udhu ya mume wangu niliyakinga kwa beseni. Asubuhi na jioni, kata moja kwa kila shina, polepole, chini kabisa, jani lisilowe. Nikazungushia ua wa makuti na miba kwa ajili ya mbuzi, na kimlango kidogo cha mbao Lali alinitengenezea.

Kulikuwa na nyuki wachache sana. Basi kila alfajiri baada ya sala nilichuma ua dume, nikalipangusa kwenye ua jike, lile lenye kijitunda kama zeituni chini yake. Kila tunda lililokua pale nililitungisha kwa kidole changu. Na lilipofika ukubwa wa ngumi nililiwekea kigae chini lisioze. Niliyajua moja moja. Unacheka? Mwanamke asiye na mtoto hujua kuhesabu vitu vyake.

Sasa nikwambie habari za wifi yangu.

Mwanaesha alikuwa dada mdogo wa Lali. Alikuwa mzuri, mwepesi wa mguu, na mwepesi wa ulimi kuliko mguu. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na kichochoro tu. Alikuwa na binti wa miaka sita, Nana, na mtoto wa kiume, Ali, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Siku moja tulikuwa kwenye harusi, wanawake tumekaa tunamenya vitunguu, na mazungumzo yakaja kwenye bustani yangu. Mwanaesha akasema, mbele ya wote, "Yeye naye apande tu. Kaka yangu mwenyewe alishapanda penye chumvi."

Walicheka. Na mimi nilicheka. Niliendelea kumenya vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyejua machozi yalitoka wapi. Tangu siku hiyo tuliamkiana, tukapelekeana sahani za chakula Ijumaa, lakini kwa mdomo tu. Moyo wangu niliufunga.

Kisha vita vikafika Kismayo, na baada ya Kismayo vikavuka maji. Watu wenye bunduki walikuja kisiwani mara mbili. Walichukua mashine za boti, nyavu, mchele, hata masufuria. Mume wa Mwanaesha, aliyekuwa akifanya kazi mjini, aliuawa huko. Tuliletewa habari, maiti hatukuletewa. Watu wakaanza kuondoka kwenda Kenya, familia moja moja, kwenye chochote kinachoelea. Lali hakutaka kuondoka. Alikuwa na mashua yake nusu ufukweni, ameificha kwa makuti, akisema akiimaliza tutaondoka kwa chombo chetu. Mwanaesha hakuweza kungoja. Alipata nafasi kwenye boti ya mashine ya watu wa ukoo wa mumewe, jumla yao watu kumi na mmoja, pamoja na yeye na wanawe.

Ilikuwa Jumatatu, jua ndiyo kwanza linachomoza. Nilikuwa bustanini. Mwanaesha akaja mlangoni pa ua, amembeba Ali mgongoni, Nana ameshika leso yake.

"Wifi, nimekuja kuagana."

"Mungu awafikishe salama."

"Amin." Macho yake yalikuwa kwenye matikiti. "Wifi, nakuomba moja au mawili, ya watoto njiani. Mai tumeambiwa kila mtu dumu moja dogo, na Ali mai ya kisima hayataki, anayatema."

Mai ni maji, kwetu ndivyo tunavyosema. Basi nikayatazama matikiti yangu. Lililokuwa karibu nami, kikonyo chake kilishakauka, na tumbo lake limekuwa la manjano. Nilishajua tangu juzi kwamba yako tayari, zaidi ya kumi.

Nikasema, "Hayajaiva, wifi."

Mwanaesha akainama, akagonga moja kwa ukucha. Akasikiliza. Alijua, niamini. Yeyote angejua kwa mlio ule. Aliinuka, akaniangalia, na mimi nikangoja aniombe mara ya pili. Ndicho nilichotaka. Nilitaka aombe tena, tena kwa unyonge, halafu ningempa hata matano. Hakuomba.

"Haya," akasema. "Yakiiva mtakula kwa afya."

Akaondoka. Nana aligeuka mara moja kunitazama. Nilisikia mashine ya boti ikiwaka, ikaenda ikififia, nikaendelea kumwagilia.

Ijumaa ya wiki ile niliingia bustanini baada ya sala nikanyanyua tikiti moja niligeuze upande. Nusura nianguke kwa nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, na uzito haukuwepo. Lilikuwa jepesi kama kibuyu kikavu. Nililigeuza huku na huku: hakuna tundu, hakuna ufa, hakuna jino la panya. Ganda la kijani, zima, linang'aa. Nililipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kikavu kama pamba ya mto, na basi. Hakuna nyama. Hakuna maji. Hakuna hata mbegu moja.

Ungewaza nini wewe? Mimi niliwaza ugonjwa wa mmea. Jumamosi nikakuta mawili. Hapo nikaacha kuwaza ugonjwa, kwa sababu asubuhi nilipomwagilia nilikuwa nimeyagonga yote, na yote yalikuwa yamejaa. Yaliharibika kati ya asubuhi na alasiri. Mchana, saa ambayo kisiwa chote kimelala na hata mbuzi wamejibanza ukutani.

Jumapili sikulala. Lali alikuwa amejinyoosha ndani. Nikakaa jikoni, kibanda cha makuti kinachotazamana na bustani, fimbo mapajani, nikilenga kumkamata mwizi. Jua lilikuwa kali hata ukitazama mchanga macho yanauma. Hakuna upepo. Kunguru walinyamaza. Nakumbuka nilijisemea kwamba kimya hiki kimezidi.

Sikuona kimlango kikifunguka. Nilipepesa macho, na Mwanaesha alikuwa ndani ya bustani.

Furaha ndiyo iliyonijia kwanza. Wallahi, furaha. Niliona wamerudi, boti imeharibika, wameokoka. Nikainuka na fimbo yangu, nikaita, "Wifi! Mmerudi?"

Hakugeuka upesi. Alikuwa ameinama kwenye mashina, leso ileile aliyoondoka nayo, imekauka na kukakamaa kama turubai. Nikamkaribia mpaka hatua nne, tano. Ndipo akageuka.

Midomo yake ilikuwa imepasuka pasuka, nyeusi. Kwenye nyusi zake kulikuwa na chumvi, nyeupe, kama unga. Macho yalikuwa yake, lakini yameingia ndani sana. Na nilikuwa nimemwagilia asubuhi, udongo bado una unyevu. Lakini pale alipokanyaga udongo ulikuwa umekauka na kuwa mweupe. Nyayo zake zilikuwa za chumvi. Niliziona kutoka alipotokea mpaka aliposimama. Zilianzia katikati ya bustani. Hazikuanzia mlangoni.

"Yameiva, wifi?" akauliza.

Sauti ilikuwa yake, ila haikuwa na mate ndani yake. Sijui nikwambieje. Ilikuwa kama ganda la nazi linapokwaruzwa na mchanga.

Na mimi, mjinga wa kulaaniwa, ulimi wangu ukajibu wenyewe, "Bado."

Hakukasirika. Alipiga magoti, akaweka shavu lake juu ya tikiti kama mama anavyomwekea mtoto shavu kusikia homa. Akafumba macho. Sikusikia chochote. Alipoinua kichwa, leso yake ilikuwa imelowa, upande mmoja, na inadondoka maji mekundu. Akazikusanya ncha zake kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

Nikasema, "Wifi, ngoja, nikupe maji. Mtungi umejaa."

"Mai hayachukuliki huko," akasema. "Nipa tikiti."

Kufika hapo nilikimbia. Ndiyo, nilikimbia, nikaingia jikoni nikafunga macho, nikasoma nilichokumbuka na nisichokumbuka. Nilipofumbua hakukuwa na mtu. Nyayo nyeupe zilibaki.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo penye dhambi yangu. Uchoyo wa Jumatatu ni kitu kidogo ukilinganisha na hapa.

Nilijua nimemwona nani. Nilijua pia maana yake: kwamba Mwanaesha amekufa. Lakini nikimwambia Lali kwamba nimemwona dadake, ataniuliza alitaka nini, na nitalazimika kumweleza neno la "hayajaiva." Basi sikumwambia. Nilikwenda kwa Mwalimu, mzee aliyefundisha Kurani watoto wetu wote, mtu wa haki, nikamwambia kuna jinni anaingia bustanini kwangu mchana na kunyonya matikiti.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ana sura ya mtu?"

"Ana sura ya mwanamke."

"Mchu unayemjua?"

Mchu kwetu ni mtu. Nikatazama mkeka. Nikasema, "La, Mwalimu. Simjui."

Alikuja Jumatatu asubuhi. Alisoma akizunguka ua mara saba, akanyunyiza maji aliyoyasomea, akafukia karatasi nne katika pembe nne. Akaniambia, "Kama ni wa shari hataingia tena." Nikamshukuru. Nikafunga kimlango kwa kamba.

Mchana nilikaa jikoni tena. Alikuja. Safari hii alisimama nje ya ua, upande wa kichochoro, na mikono yake ilikuwa mitupu. Alijaribu mlango. Akazunguka, akishika makuti kwa viganja, huku na huku, kama kipofu anayetafuta upenyo. Kisha akaniona.

"Wifi, nifungulia."

Niligeuza uso.

"Wifi. Nifungulia. Wale ni wadogo."

Niliziba masikio. Nilimwona midomo ikienda. Alisimama jua lile mpaka adhana ya alasiri, kisha pale aliposimama pakawa hapana mtu. Jumanne alikuja tena. Alishika ua tu, akayatazama matikiti. Nilisimama nikaingia ndani nikalala kando ya mume wangu nikamshika mkono, naye akaniuliza usingizini, "Una nini?" nikasema joto.

Jumatano hakuja. Nilifurahi. Nilichuma tikiti moja nikalikata, lilikuwa jekundu, limejaa, tamu. Tulikula mimi na Lali. Kumbuka siku hiyo: Jumatano tulikula.

Alhamisi wavuvi wa kisiwa cha Kudhaa waliikuta ile boti ikielea, mashine imekufa, imesukumwa na mkondo nje baharini na kurudishwa. Abiria wake walikuwa ndani yake siku ya kumi na moja. Kati ya watu kumi na mmoja walikuwa hai wawili: mzee mmoja aitwaye Athmani, na Nana.

Walimleta Nana kwetu, kwa mjomba wake. Alikuwa mwepesi kama lile tikiti la Ijumaa. Nilimpa uji kwa kijiko, maji kwa kitambaa. Hakusema kwa siku mbili. Mzee Athmani alikuwa nyumba ya tatu, na Lali alikwenda kumuuliza habari za dadake. Nilikwenda naye. Nilikaa nyuma, karibu na mlango.

Mzee alisema mashine ilikufa siku ya kwanza jioni. Maji yaliisha siku ya tatu. Mwanaesha aliwapa wanawe fungu lake lote, na akafa Alhamisi ile ya kwanza, wakamsalia na kumwacha baharini. Watoto wakabaki mikononi mwa mzee.

"Nisikilizeni," akasema, "na msinione nimepotewa na akili. Kuanzia Ijumaa, kila jua likifika utosini, nilikuwa nasikia harufu ya tikiti. Katikati ya bahari. Nikifumbua macho, wale watoto wawili midomo yao imelowa. Imelowa nyekundu. Yule mdogo anajiramba kidevu. Namuuliza Nana, 'Umepata wapi?' ananiambia, 'Mama kaleta.' Mimi nililamba mikono yao. Msinicheke. Nililamba mikono ya watoto, na ndiyo iliyonifikisha hapa. Jumapili ilikuwa hivyo pia. Jumatatu, hakuna. Nilingoja, hakuna. Jumanne hakuna, na Jumanne jioni Ali alifia mapajani mwangu."

Lali alikuwa analia bila sauti. Mzee akafungua fundo la shuka yake, akatoa kitu akakiweka kwenye mkeka. "Ilikuwa imemganda mtoto shavuni."

Ilikuwa mbegu. Nyeupe, imezungushwa ukingo mweusi.

Hakuna mtu mwingine kisiwani aliyekuwa na mbegu hizo, na Lali aliijua kama nilivyoijua mimi. Alinigeukia. Aliniuliza polepole, "Siku ya kuagana, dadangu alikuomba nini?"

Nikasema, "Alikuja kuagana tu."

Aliichukua ile mbegu akaifunga kwenye kikoi chake. Hakuniuliza tena. Tuliishi pamoja miaka mingine kumi na nne mpaka alipofariki, na hakuniuliza tena, na siku moja haikupita ambayo sikulisikia swali lile kichwani.

Siku ya tatu Nana alisema. Nilikuwa namlisha. Aliniita kwa heshima kama alivyofundishwa, "Mkaza mjomba."

"Labeka, mwanangu."

"Mama siku ya mwisho alikuja mikono mitupu. Ali alikuwa analia. Mama akasema, 'Kwa wifi kumefungwa.'"

Kijiko kilinitoka mkononi. Nana aliendelea kunitazama, macho yaleyale aliyonigeukia nayo Jumatatu ile, hayana hasira, yanatazama tu. Kisha akafungua mdomo, akingoja uji.

Nilikwenda kwa Mwalimu mchana uleule nikamweleza yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza, na kwa miaka mingi alikuwa wa pekee. Mwalimu alishika kichwa. Alisema, "Nilikuuliza unamjua. Ukaniambia humjui." Hakunitukana. Alikuja bustanini mwenyewe, akapiga magoti, akazifukua zile karatasi nne kwa mikono yake huku akilia na kuomba msamaha kwa Mungu kwa jambo ambalo si kosa lake. Haikusaidia kitu. Mwanaesha hakuwa tena na kazi ya kurudi. Zile nyayo zake zilitambaa, chumvi ikaenea kutoka nyayo hadi nyayo, na kabla mwezi haujaisha bustani yote ilikuwa nyeupe, mashina yamekauka yamelala kama kamba.

Lali alimaliza mashua yake, tukaondoka, tukakaa Kenya miaka mingi, Nana pamoja nasi. Nilimlea. Watu waliniambia nimepata thawabu kubwa, kulea yatima. Niliwaitikia amin. Mungu hakunipa mtoto mwingine, na sikumwomba tena; ningemwomba kwa uso gani? Sasa nimerudi Kismayo, mzee, nakaa nyumbani kwa Nana na mumewe. Ananipikia, ananipaka mafuta miguu, ananiita mama. Mtoto wake wa kwanza wa kiume amempa jina Ali. Sijui anakumbuka alichoniambia akiwa na miaka sita. Wakati mwingine, mchana watu wamelala, namkuta ameketi kizingitini ananitazama, nami nataka kumuuliza, nashindwa. Na yeye hasemi. Nimekuwa nikingoja miaka yote hii, na nadhani nitakufa ningali nangoja.

Kiu ndiyo iliyonibakia mwilini. Nakunywa, na sitosheki. Madaktari wawili wamenipima wakidhani ni sukari, na sukari sina. Mdomo wangu unakauka mchana jua likisimama, ulimi unashikamana na kaakaa, mpaka alasiri iingie. Ramadhani siwezi kufunga hata siku moja. Nalisha maskini badala yake, na kila sahani ninayoitoa naona haikufika ninakotaka ifike.

Sasa nakuonya wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Mtu aliye njiani akikuomba kitu, mpe, hata kama jana alikuumiza mbele ya watu. Hilo kila mtu atakwambia. Mimi nakwambia na lingine, ambalo hutalisikia kwa mwingine. Ukimwona maiti wako amesimama mlangoni anaomba, usikimbilie kutafuta wa kumfukuza. Ogopa, tetemeka, lakini usimfungie. Muulize kwanza anamwombea nani.